Kisu Kinasimama Kulia

Minto, 2 Agosti 2021

Bwana Maxwell Mokua,

Kwa kuwa umenifungia WhatsApp, nimenunua bahasha. Sijaandika barua ya karatasi tangu tulipokuwa tukiomba ukimbizi, na zile pia nilikuwa nawaandikia watu wasiojibu.

Nakupangia mambo moja moja, usije ukasema hukuelewa. Mzee Shen wa Seven Hills, niliyemtunza miaka miwili na miezi minne, alifariki tarehe tisa Juni. Wewe ulikuwa unakata majani ya uwanja wake kila Jumamosi kwa sababu mimi ndiye niliyekupendekeza kwa binti yake, Lydia. Baada ya mazishi Lydia akafungua sanduku la mawe ya baba yake, yale mawe laini aliyokuwa akichongea mihuri, akakuta kitambaa na vumbi. Wiki chache baadaye akaona kwenye mtandao picha ya mawe tisa yanauzwa, na kila moja ubavuni lina jina la baba yake kwa Kichina. Tangazo linasema: kazi halisi ya mikono kutoka Kisii, Kenya. Maxwell, hata mtu akitaka kuiba, bon, angalau aangalie anachokiuza.

Muuzaji hakuweka jina. Mimi nilimjua papo hapo. Nyuma ya mawe kuna kalenda ya kanisa letu, ile ambayo Pasta Juvénal amepigwa picha macho yamefumba. Kalenda hiyo haiko ukutani kwa watu wengi, kwa sababu ya hiyo picha.

Lydia hakuangalia kalenda. Aliangalia mkono mweusi ulioshika jiwe, na mkono mweusi anaoujua katika nyumba ya baba yake ni wangu. Ejensi imenisimamisha kazi. Tarehe tatu Septemba nitahojiwa kwa video. Nikishindwa kujieleza nitafukuzwa kwa wizi, jina langu litapelekwa kwa wanaotoa kibali cha kutunza wazee, na bila kibali hicho sina kazi ninayoijua katika nchi hii.

Rudisha mawe. Andika ulivyoyapata, weka sahihi, nitumie. Kanisa limefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo huna pa kujificha.

Nicole Chibalonza


Macquarie Fields, 8 Agosti 2021

Mama Ornella,

Ulikuwa ukinitumia sauti za dakika saba saba, ndiyo maana nilikufungia. Karatasi ni afadhali, angalau haipigi kelele nikiwa kazini.

Umeniita mwizi, ati kwa adabu, kwa mpangilio. Sasa nisikize na mimi. Mawe yale nimeyachonga mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tabaka, kule Kisii kunakochimbwa mawe laini. Babu alichonga, baba alichonga, mama na shangazi zangu walikaa na makarai ya maji wakisugua kwa msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Siku ya kwanza nilipomwona yule mzee kwenye veranda na jiwe na kisu chake kidogo, nilizima mashine ya majani. Hatukuwa na lugha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuomba chai, na changu hakukisikia vizuri. Lakini watu wa jiwe hawahitaji kutambulishwa. Akanisogezea kiti. Kila Jumamosi nikawa nakata majani haraka haraka, halafu tunachonga mpaka jua linatuhamisha. Mawe ghafi alinipa yeye, mawili mawili, mpaka sanduku likaisha. Wewe Jumamosi hukuwepo, kwa hiyo hukuona, na usichokiona wewe unadhani hakikutokea.

Hilo jina unalosema, silijui. Kila jiwe alilonionyesha lilikuwa na pambo dogo ubavuni, nami nikaliweka. Kwetu mnunuzi akileta sampuli ya kifaru, na kifaru ana mkwaruzo mgongoni, unachonga kifaru na mkwaruzo wake. Ukiuacha, anarudisha mzigo wote. Ndivyo nilivyofunzwa.

Ghala limenipunguzia shifti, nikajaribu kuuza. Hata moja halijanunuliwa. Faili langu la ukaaji wa kudumu liko mezani kwa mtu asiyenijua, na sitaki alijue jina langu kupitia polisi. Kwa hiyo usinitaje. Na ukinitaja, kumbuka ile Jumamosi uliyoshika shifti ya mwenzako. Nilikuwa nje ya dirisha. Nilimwona mzee akikutia kitu kiganjani, nikakuona ukikifunga kwenye kona ya kitenge. Sheria ya ejensi yenu kuhusu zawadi tunaijua kanisa zima. Ulisimama mbele yetu ukatoa ushuhuda wa jinsi ulivyokataa chungwa.

Maxwell


Minto, 13 Agosti 2021

Bwana Maxwell,

Jiwe gani? Dirisha la mzee lilikuwa chafu, nalijua, ni mimi niliyekuwa silioshi.

Jana wanajeshi wamepita mtaani kwetu wakigonga milango. Nilikimbia wanajeshi Bukavu, wamenikuta Minto wakiniuliza kama nina chakula cha kutosha. Niliwaambia chakula ninacho, ninachokosa ni shahidi. Hawakuandika.

Sasa nikufundishe, kwa sababu umeishi na kitu hicho mezani bila kukijua. Lile "pambo" lako la mwisho linaandikwa hivi: 刻. Maana yake ni kuchonga. Linakaa baada ya jina la mtu, na kwa pamoja yanasema kwamba fulani ndiye amechonga. Yale mawe yako tisa yanasema Shen amechonga, Shen amechonga, mara tisa. Hata kama unasema kweli, basi umechonga kwa mkono wako halafu ukamwandikia marehemu. Sijui kwenu hilo linaitwaje. Kwa Lydia linaitwa polisi.

Utauliza nimejuaje mimi, mtu wa kubadilisha mashuka. Nimejua kwa kukaa. Ukikaa na mzee asiyeongea, ama unaangalia simu ama unamwangalia yeye, na simu yangu ni mbovu. Alikuwa anachovya kidole kwenye chai na kuandika juu ya meza. Mimi nikawa naandika nyuma ya daftari la dawa, kabla chai haijakauka. Nina herufi arobaini na moja. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Upande wa kushoto kuna nguruwe. Kwao nguruwe ana mwaka wake, na mzee alizaliwa mwaka huo, njo sababu alikuwa anajionyesha kifuani kila akiiandika. Upande wa kulia kuna kisu, mistari miwili imesimama, mmoja mfupi, mmoja mrefu wenye ndoano chini. Mara ya kwanza nilikiweka vibaya. Alinishika mkono, akaupeleka. Kisu kinasimama kulia.

Nakuomba kwa mara ya mwisho. Andika kwamba umechonga wewe na mawe ulipewa. Kurasa mbili tu. Ukinyamaza, unanifukuzisha kazi kwa sababu ya kifaru chako na mkwaruzo wake.

Nicole


Macquarie Fields, 19 Agosti 2021

Mama Ornella,

Tangazo nimeliondoa. Maandishi siandiki. Juzi nilikuwa mwizi tu, leo umenipandisha cheo, nimekuwa mghushi wa marehemu, na unataka niweke sahihi chini yake. Hapana. Mwanamke mmoja ghalani, Jepchumba, anayejua mambo ya viza kuliko wanaolipwa kuyajua, ameniambia karatasi ya namna hiyo haipotei. Itakaa kwenye faili mpaka niwe na wajukuu.

Lakini kitu kimoja kimenikera kuliko vyote, kwamba unaandika "hata kama unasema kweli." Kwa hivyo nimekutumia jiwe moja ndani ya soksi, litoe polepole. Liangalie, halafu useme kama hiyo ni kazi ya mtu aliyeokota kitu. Uso wa muhuri nilifanya kwa njia aliyonifunza mwenyewe. Unaandika kwenye karatasi nyembamba, unailowesha, unailaza kifudifudi juu ya jiwe, wino unahamia, kisha unafuata kwa kisu. Ubavu nao nikaufanya vilevile. Niliweka karatasi kwenye jiwe lake, nikasugua penseli mpaka pambo likatokea, nikalihamishia kwangu kifudifudi bila kuacha mstari. Usiku mbili kwa jiwe moja.

Hilo ndilo la kwanza nililomaliza. Nilimpelekea mwezi Aprili. Aliligeuza, akalisogeza karibu na macho, halafu akacheka mpaka akakohoa, akacheka tena, akapangusa machozi. Akanipigapiga mgongoni, akaingia ndani kuniletea mawe mengine mawili. Baba yangu mzazi hajawahi kuifurahia kazi yangu namna ile. Wewe uliyekaa naye miaka miwili, alikuchekea lini?

Usinijibu. Nirudishie jiwe.

Maxwell


Minto, 25 Agosti 2021

Maxwell,

Jiwe nimepata. Sirudishi.

Nimelitoa kwenye soksi, nikaliweka mezani, nikakaa. Nikaamka, nikafunga mlango wa jikoni ili Ornella asinione nikicheka, maana tangu Julai nilimwambia katika nyumba hii hakuna cha kuchekesha.

Sikiliza vizuri. Uso wa muhuri unachongwa kinyume kwa sababu utatiwa wino na kugongwa kwenye karatasi, na ukigongwa ndipo unageuka kuwa sawa. Ubavu haugongwi popote. Ubavu unasomwa na macho, kwa hiyo unachongwa kama unavyoandikwa. Wewe umelaza karatasi kifudifudi pande zote. Jina lote la mzee limegeuka. Nguruwe anatazama kwingine. Kisu chako kinasimama kushoto. Kwenye simu picha ilikuwa ndogo na nilikuwa na hasira, sikuona.

Kwa hiyo uelewe alichocheka. Alicheka kama mtu aliyemwona kijana ametoka nyumbani amevaa suruali mbele nyuma, na amepiga pasi. Pole sana. Franchement, nilitaka kukuachia hiyo kumbukumbu, lakini umenitukana.

Sasa mimi nina ushahidi. Hakuna fundi aliyechonga miaka sitini anayeandika jina lake kinyume, hata kwenye homa. Ila ili watu wa ejensi waone, lazima niweke jiwe lako karibu na jiwe ambalo mzee alilichonga kweli. Lydia hana hata moja. Aliyokuwa nayo mzee, hata hayo aliyokuonyesha, aliyagawa kwa marafiki, na marafiki wamekufa au siwajui walipo.

Ndiyo. Mimi ninalo. Liko ndani ya pakiti ya unga wa mhogo. Usoni ameweka jina langu kwa herufi zao mbili, ubavuni ni Shen amechonga. Nimesaini karatasi ya ejensi mara tatu kwamba sijawahi kupokea kitu chochote kwa mteja, hata chungwa. Nikilitoa najishtaki mwenyewe. Nisipolitoa mimi ni mwizi wa mawe tisa. Nimehesabu, nimechagua.

Na jina lako nitalitaja. Jiandae.

Nicole


Macquarie Fields, 30 Agosti 2021

Mama Ornella,

Taja.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nimeyapanga yale manane mbele ya kioo cha bafu, na kweli, kwenye kioo yamekaa sawa. Umenichukulia kitu ambacho hukuwa na haja nacho.

Ukilitoa lako umekwisha. Nitasikia habari zako kwenye Zoom ya Jumapili, kwenye maombi ya wenye shida, na sitawasha sauti.

M.


Minto, 5 Septemba 2021

Maxwell,

Mkutano umepita. Nakueleza kwa sababu kuna kazi nataka uifanye, si kwa sababu tumepatana.

Walikuwa wanne kwenye skrini. Mkubwa wa ejensi, mwanamke wa kuandika, Lydia, na shangazi yake, dada mdogo wa mzee, ambaye hakuna aliyemwalika ila yuko kwenye nyumba ya Lydia tangu tufungiwe. Nilieleza uso na ubavu. Mkubwa wa ejensi akawa ananitazama kama namsomea mapishi. Nikayaweka mawe mawili mbele ya kamera, lako na langu. Lydia akasema anaona yanafanana. Kumbe Lydia hasomi Kichina. Alizaliwa hapa, baba yake alikuwa akimwongelesha Kichina naye anajibu Kiingereza, vilevile kama Ornella na mimi. Alilijua jina la baba yake kwa umbo tu, kama mtu anavyoijua nembo kwenye gari.

Shangazi akamsukuma Lydia pembeni, akasogeza uso mpaka tukaona paji tu. Akaangalia lako. Akauliza maneno, Lydia akatafsiri: ni nani huyu mpumbavu? Halafu akaanza kucheka kicheko kilekile cha mzee, nikakitambua. Akasema kaka yake asingeandika hivyo hata akiwa amelala. Kama si kazi ya mzee, hakuna kazi ya mzee iliyouzwa, na ya wizi yakaishia hapo. Lydia hakuniomba radhi. Alisema "okay" mara nne.

Sikukutaja. Usidhani ni huruma. Nilipofika kwenye jina lako shangazi alikuwa bado anacheka, na hakuna aliyeuliza tena.

Ndipo mkubwa wa ejensi akasema: sasa tuzungumze kuhusu hili jiwe la pili. Mawe tisa wamenifutia. Hili moja ndilo wanataka kunifukuzia. Wanasema mteja mwenye umri ule, kichwa chake kikiwa kama kilivyokuwa mwisho, hawezi kujulikana kama alitoa au alichukuliwa. Nikamwambia alinipa mwaka jana, kichwa kikiwa kizima kuliko changu. Akauliza kama kuna aliyeona.

Kuna aliyeona. Alikuwa nje ya dirisha, na alinitishia kwa hilo jambo katika barua ya tarehe nane Agosti, ninayo. Ningeweza kuipeleka barua hiyo kama ilivyo, na matusi yake, na kifaru. Lakini imeandikwa Kiswahili, na mtafsiri wao atachukua miezi. Nina mpaka tarehe ishirini.

Sikubembelezi. Uliona ulichoona.

Nicole


Macquarie Fields, 12 Septemba 2021

Mama Ornella,

Nimeandika. Ukurasa mmoja, Kiingereza, nimeutuma kwa ejensi jana, na nakala iko ndani ya bahasha hii. Nakueleza yaliyomo ili usiitafute maana ambayo haimo.

Nimesema jina langu na ninapoishi. Nimesema mawe tisa nimechonga mimi, ubavuni niliiga maandishi nisiyoyajua, na niliyatangaza nikidhani ni pambo. Nimesema mawe ghafi mzee alinipa kwa mkono wake, na hakuna mtu aliyeyachukua sandukuni. Nimesema pia kwamba Jumamosi moja mwezi Oktoba mwaka jana, nikiwa dirishani, nilimwona akimpa muuguzi wake kitu kidogo. Kwamba muuguzi alikirudisha mezani mara mbili. Kwamba mara ya tatu mzee alimfumba vidole kwa mikono yake miwili na kuvishikilia. Hiyo ya mara mbili sikukuandikia Agosti. Nilikuwa natafuta cha kukuumizia, na hiyo haikuumizi.

Sikufanya hivi kwa ajili yako. Nimefanya kwa sababu kila karatasi inayozungushwa huko inasema mzee aliibiwa au alidanganywa. Yule mzee alitoa. Mimi nilikuwa na njaa ya kazi ya mikono kuliko ya chakula, na alinilisha kila Jumamosi, na kama alinicheka, alinicheka akiniletea mawe mengine. Alijua limegeuka, na bado aliniongezea mawili. Hilo hukulifikiria, Mama Ornella, na herufi zako arobaini na moja.

Jepchumba ameniambia mimi ni mjinga. Faili litakavyokwenda, litakwenda.

Manane nimeyasaga ubavu. Jana nilikata jina langu mahali pake, na ile herufi yako baada yake, kisu kulia. Imenichukua mara nne na sikusikia raha. Tabaka hakuna anayetia jina. Mmoja anapasua kwa panga, mwingine anachonga, mwingine anaosha, sasa utaandika la nani? Lakini huku nimeona ukiacha nafasi, watu wanajaza.

Usinipigie kunishukuru.

Maxwell Mokua


Minto, 2 Oktoba 2021

Maxwell,

Sikupigii.

Ejensi wamejibu Alhamisi. Nimepewa onyo la maandishi kwa sababu ya karatasi nilizosaini uongo, litakaa mwaka mmoja. Kibali hakijaguswa. Jumatatu naanza Ingleburn kwa mama mmoja Mgiriki ambaye nimeambiwa hampendi mtu yeyote, kwa hiyo tutaelewana. Habari zako zimefika kwa Lydia. Amesema hana haja ya polisi, wala ya mawe yako. Amesema wewe ndiye kitu pekee kilichomchekesha shangazi yake mwaka huu.

Sharti lilikuwa nirudishe jiwe langu. Nimelipeleka jana mwenyewe, na barua ya ejensi mkononi ya kuwaonyesha polisi wa njiani. Lydia hakunikaribisha ndani, hatuna ruhusa, na hata ruhusa ingekuwepo asingenikaribisha. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, barakoa usoni. Nikaliweka kwenye ngazi, nikarudi nyuma hatua tatu kama mtu aliyeweka chakula cha paka. Akalichukua.

Hakuingia. Aliligeuza geuza. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, linasema nini. Nikamsomea kutoka pale nilipokuwa, maana nalijua kwa moyo. Usoni ni jina langu. Ubavuni ni mwaka, halafu Shen, halafu jina lake la kupewa. Akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho, akauliza na hii. Nikamwambia ni "amechonga".

Akasema miaka yote alidhani ni sehemu ya jina la baba yake. Alipokuwa shuleni, kwenye kadi ya siku ya akina baba, alikuwa akiiandika.

Usije ukafurahi kwamba hukuwa peke yako. Yeye angalau hakuigeuza.

Nicole Chibalonza